Tafuta thamani ya X

Mama alinipigia simu asubuhi moja ya Februari 2022, nimesimama kituoni Dodoma nasubiri daladala ya kwenda kazini.

"Mwanangu, wametuandikia ukuta."

"Wameandika nini?"

"Mkasi."

Nikadhani mtandao unasumbua. Akarudia: mkasi mwekundu, umefunguliwa, mmoja kwenye fremu za biashara za mbele, mwingine kwenye ukuta wa nyumba yenyewe, pembeni ya dirisha la chumba chake. Hapo nikaelewa. Nyumba yetu iko mkoani Iringa, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na aliyekulia kando ya barabara kuu nchi hii anajua X nyekundu ukutani maana yake nini: nyumba itabomolewa kupisha barabara. Au anadhani anajua. Sisi tulidhani, na kudhani kwetu kulitugharimu zaidi ya miaka miwili na pesa ambazo mama hakuwa nazo. Ndiyo maana naandika.

Mama aliishia darasa la nne. Kusoma anasoma vizuri, ila X hajawahi kuihitaji kwa sababu Kiswahili chenyewe hakiihitaji. Tumeziacha nje Q na X. Likija neno la kigeni lenye X tunalipasua k na s, maisha yanaendelea: teksi, boksi, eksirei. Kwake yeye alama ile ina maana moja aliyoishuhudia kwa macho. Mwaka 1984, baba aliponunua kiwanja, mzee aliyemuuzia hakujua kuandika, akashika kalamu na kuchora mkasi mahali pa sahihi. "Sasa nani tena ametia sahihi kwenye nyumba yangu?" mama akaniuliza. Nilicheka. Karatasi hiyo ya 1984 ikumbukeni, nitairudia.

Kipindi hicho pia watu wa anwani za makazi walikuwa wanapita mitaani na namba zao, na sensa ilikuwa inakuja Agosti, hivyo mama alipoona vijana wenye daftari na kopo la rangi aliwatolea viti na kuwachemshia chai. Aliwanywesha chai watu waliokuja kuandika nyumba yake ibomolewe. Dada yangu hajachoka kulisimulia hilo mpaka leo.

Picha ilipoingia kwenye grupu la familia, kila mtu aliisoma kwa macho yake. Mdogo wangu, ambaye mshahara wake unaishia kwenye mikeka ya mpira, akasema X ni sare, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, tutulie. Dada akajibu kwamba shuleni X ilikuwa kosa, na kosa hapa ni la baba aliyejenga fremu karibu na lami. Mpwa wangu wa kidato cha pili akaandika, "Xaxa bibi atalala wapi?" Vijana hawa wameipa X kazi ya S bila mshahara. Mtoto huyohuyo ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana siku ile, na hatukumjibu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nimeiandika X ubaoni miaka kumi na moja. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba Descartes, katika kitabu chake cha jiometri cha 1637, alizitumia herufi za mwanzo, a, b, c, kwa vinavyojulikana, na za mwisho, x, y, z, kwa visivyojulikana. Nawaambia pia habari za Röntgen, aliyeona miale asiyoielewa mwaka 1895 akaiita X, kisha jina likaganda mpaka kwenye mlango wa chumba cha eksirei cha hospitali yetu. Kwa hiyo mimi, msomi wa ukoo, nikatoa hukumu: hiki ni kitu kisichojulikana, tusubiri kijulikane. Kati ya majibu yote ya siku ile, langu ndilo lililotuumiza zaidi, maana lilikuwa na harufu ya elimu na kila mtu akalifuata. X haikuwa fumbo hata kidogo. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na majibu yote, umbali wa nyumba sita kutoka kwetu. Hatukwenda.

Badala ya kwenda, mdogo wangu alipaka chokaa.

Sababu alikuwa nayo. Fremu zilikuwa mbili, moja ya fundi simu na nyingine ya saluni, kila moja shilingi 60,000 kwa mwezi, na hiyo ndiyo iliyokuwa pesa ya mama ya dawa za presha. Wateja walianza kuuliza kama saluni inahama. Mvua ya kwanza iliyonyesha, X ikachungulia ndani ya chokaa, rangi ya waridi kama gauni lililochujuka. Siku chache baadaye waliokuja kukagua waliikuta hivyo, wakachora nyingine kubwa zaidi. Ya kwanza ilikuwa na tarehe chini yake. Hii ya pili haikuandikwa tarehe, na sisi hatukuwa na picha ya tarehe ile. Picha yetu ya grupu ilichukua mkasi tu, imepigwa kwa mbali, na mama amesimama mbele yake kama yuko kwenye harusi.

Tarehe hiyo ilikuja kutugharimu baadaye. Chochote unachojenga baada ya nyumba kuandikwa hakihesabiwi kwenye fidia. Sisi tulikuwa tumemaliza jiko la nje Januari, wiki tatu kabla ya mkasi, lakini kuthibitisha hatukuweza. Likaonekana tumelijenga kwa tamaa. Kwa hiyo ukiamka ukakuta X, usiguse chokaa. Piga picha kwa karibu na kwa mbali, piga choo, piga tangi, piga kila mti, na umtumie mtu mwingine siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu mbili.

Aprili akaja kishoka, wakala asiye rasmi. Kijana nadhifu, ana bahasha ya kaki, anamwita mama "mama mzazi" na anasalimia "kamwene" kama mtu wa nyumbani. Alimweleza mama jambo ambalo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli: X ya kijani inalipwa, X nyekundu hailipwi. Halafu akaongeza lisilo kweli, kwamba anaye mtu ofisini wa kuigeuza rangi kwa shilingi 350,000. Mama alitoa akiba yake ya vikoba. Mimi nilijua. Nilipigiwa simu kuulizwa, nikasema, "Kama anaaminika, mpe." Sentensi hiyo huwa inanirudia usiku.

Alichofanya yule kijana ni kurudi saa nne usiku na kopo dogo la rangi ya mafuta, lile la nusu lita, na brashi ya inchi mbili, akapaka kijani juu ya nyekundu. Asubuhi mama akakuta ukuta una alama ya kahawia, imetiririka mpaka kwenye msingi. Rangi ilikuwa haijakauka, kuku amepita hapo, na nyayo zake zimetapakaa barazani kote kwa rangi ileile.

Hiyo kahawia ndiyo iliyotupeleka kwa mwenyekiti, kwa aibu. Alitazama picha, akavuta pumzi, akasema, "Mama, rangi haipo ukutani. Ipo kwenye daftari."

Kisha akatueleza, kwa dakika kumi, tulichoshindwa kukijua kwa miezi miwili. Zamani hifadhi ya barabara kama yetu, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaisogeza hadi mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anahesabiwa kuwa aliifuata barabara: nyekundu, na anaondoka bila fidia. Aliyekuwapo katika zile mita 7.5 zilizoongezwa, barabara ndiyo iliyomfuata: kijani, anathaminiwa na kulipwa. Vipimo vyenyewe havifanani nchi nzima. Wakati wa bomoabomoa ya 2017 ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na watu waliokuwa wamezizoea 22.5 walishangaa. Ya jirani wa mkoa mwingine isikupe moyo wala isikuvunje moyo. Ulizia ya barabara yako.

"Nyumba yenu ipo mita ngapi?" mwenyekiti akauliza.

Tukatazamana. Mwalimu wa hisabati, miaka kumi na moja ubaoni, nimeshamwambia mama asubiri na nimeshamruhusu atoe 350,000, na kupima sijapima.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi. Tuliazima tepu ya mita 50 kwa fundi ujenzi. Mdogo wangu alisimama katikati ya lami ameshika mwanzo wa tepu, mpwa wangu akaweka matawi barabarani kama wanavyofanya wenye malori mabovu, na mimi nikarudi kinyumenyume kuelekea kwetu. Fremu za baba, za mwaka 2012: mita 19 na kidogo. Hapo hapana maneno, nyekundu halali. Ukuta wa nyumba, iliyojengwa 1986: mita 25.6.

Nyumba ilikuwa ya kijani tangu mwanzo. Mchoraji alipaka nyekundu fremu, akaunganisha na nyumba bila kuvuta tepu hadi nyuma. Tulikuwa tumemlipa kishoka atughushie kitu kilichokuwa chetu.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja kupitia kwa mtendaji wa mtaa, nikaeleza vipimo viwili, mwaka wa kujengwa kila jengo, na nikaomba wapime upya. Nilipeleka nakala mbili, moja nikagongewa muhuri wa kupokelewa nikabaki nayo. Kugongewa muhuri ni bure na ni muhimu kuliko maneno matamu ndani ya barua. Wiki saba baadaye walikuja na tepu yao, wakapata 25.5, wakakwangua kahawia na kuchora kijani. Jioni ile kishoka alipiga simu. Amesikia kazi imekamilika, anaomba ya kumalizia.

Msidhani mama alifurahi. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameacha kupanda maharage nyuma ya nyumba, na bati lililokuwa linavuja juu ya sebule alilitegeshea sufuria badala ya kuliziba. Aliitoa picha ya baba ukutani akaifunga kwenye kanga, ikakaa chini ya kitanda. Usiku lori lolote likipunguza mwendo mbele ya nyumba anaamka, kwa kuwa aliambiwa katapila huletwa na lori. Wa saluni alihama Juni, fundi simu Agosti. Ndani ya nyumba yenye X unaishi kama mgeni anayechelewa kuaga, na kijani haikubadilisha hilo.

Wathamini walifika Machi 2023. Walimpa mama kibao chenye namba akishike kifuani, wakampiga picha mbele ya nyumba. Mimi sikuwapo, nilikuwa nasimamia mitihani, na hilo nalo ni kosa. Mama peke yake hakutaja choo cha nje kwa sababu aliona haya kuwapeleka wageni wenye viatu vizuri chooni. Mparachichi mmoja kati ya minne haukuhesabiwa kwa kuwa upo nyuma ya banda. Tulikimbizana kuviingiza. Siku ya uthamini lazima awepo mtu asiye na haya, ikiwezekana mtoto wa miaka kumi na mbili. Huyo atawaonyesha kila kitu mpaka banda la sungura.

Kisha ikaja fomu ya taarifa za kaya, na X ikatuvizia tena. Juu ya jedwali palikuwa na maelekezo kwamba mtu aweke alama ya X panapohusika. Mdogo wangu, aliyesoma shule zilezile nilizosoma, ambako tiki ni vema na X ni kosa, akaweka vema kwenye vyote tulivyo navyo na X kwenye vyote tusivyo navyo. Aliijaza kwa uangalifu mkubwa, kwa kalamu mbili. Kwa mujibu wa fomu hiyo mama alikuwa na mashine ya kusaga, kisima kirefu na banda la ng'ombe wa maziwa, lakini hakuwa na umeme wala vyumba vya kulala. Ilirudishwa baada ya mwezi na alama kubwa ya kuulizia. Binti aliyeturudishia alisema haikuwa yetu peke yetu.

Kuhusu malipo yenyewe nitasema machache. Kanuni za fidia za 2001 hazihesabu nyumba tu. Kuna ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi ambayo hupigwa kwa kodi ya miezi 36. Anayefanyia biashara mahali hapo anaweza kudai faida anayoipoteza, ila awe na hesabu zinazoonekana. Sheria ya Uthamini ya 2016 nayo inataka mlipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, na ikipita miaka 2 bila malipo, uthamini urudiwe. Ombeni jedwali lenu mlisome mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi. Sisi posho ya usafiri tuliikuta haipo, tukauliza, ikaingizwa bila ugomvi wowote. Tungenyamaza ingenyamaza nasi.

Kilichotukwamisha ni jina. Kiwanja kilikuwa cha baba, na baba alifariki 2016. Hatukuwahi kufungua mirathi, maana mama alikuwa anaishi mlemle na hakuna aliyemsumbua. Cheti cha kifo hatukuwa nacho, tulikuwa na kibali cha mazishi tu. Tukaanza upya: RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa cheti, kikao cha ukoo na muhtasari wake, Mahakama ya Mwanzo kuomba mama awe msimamizi wa mirathi. Nauli, kopi, picha na chakula cha kikao vilikula kama 280,000. Na baba mdogo akaweka pingamizi. Miaka yote hakuwahi kukidai kiwanja kile. Sasa kikawa cha ukoo.

Tulipeleka karatasi ya 1984. Imekunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo, na chini kulia kuna mkasi wa wino wa bluu, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Baba mdogo aliutazama akasema mbele ya hakimu, "Huu hata mtoto anauchora." Ni kweli. X haina mwandiko. Nilihisi tumbo linaniuma, maana nilikuwa najua hisabati ya jambo hilo: alama ambayo mtu yeyote anaweza kuichora haimtambulishi mtu yeyote.

Lakini pembeni ya ule mkasi, balozi wa nyumba kumi wa wakati huo alikuwa ameandika kwa herufi za kuunganisha: hii ni alama ya fulani, ameitia mbele yangu na mbele ya mashahidi wawili. Majina, tarehe, sahihi. Balozi na shahidi mmoja walishafariki. Shahidi wa pili ni bibi mmoja wa mtaa wa juu, ana miaka themanini na kitu. Mdogo wangu alimleta kwa bajaji. Hakimu alimpa karatasi, bibi akaisogeza karibu na pua, akaweka kidole juu ya jina lake. "Huu mkono wangu," akasema. Halafu akauelekezea kidole ule mkasi. "Na huu alimaliza akaomba maji. Kalamu ilimtoa jasho."

Pingamizi liliondolewa. Mama akapewa fomu namba 4 ya usimamizi, na Agosti 2024 pesa ikaingia: shilingi 31,700,000, pamoja na choo na miparachichi yote minne. Jiko la nje halimo. Fremu hazimo, wala kodi zake, kama 120,000 kila mwezi tangu ziachwe tupu. Ya vikoba haikurudi. Namba ya kishoka haipatikani.

Tumenunua kiwanja kingine ng'ambo ya shule. Oktoba, kabla fundi hajachimba msingi, mama alidai tukapime. Nikamwambia ni mbali na barabara, inaonekana kwa macho. Akanitazama tu. Tukaazima tepu ileile, mdogo wangu akasimama katikati ya lami, magari ya IT, yale yanayopelekwa nchi jirani, yakampigia honi, na kwa kuwa tepu ni ya mita 50 tuliunga mara mbili, mama akiweka jiwe kwenye kiungo na kusimama juu yake ili lisisogee.

"Ngapi?"

"Sabini na moja, mama."

"Pima tena," akasema, na hakutoka juu ya jiwe.